Rangi ya Mulango: Namna ya Kuchagua Ile Inayofaa

Ninyi wakaaji wa vijiji vya pembeni ya migodi, baba na mama, na ninyi vijana munaojenga nyumba yenu ya kwanza, leo tutasema juu ya mulango. Pengine mutu atauliza: «Monitere wa mashamba anajua nini juu ya milango? Atufundishe mahindi na mihogo.» Jibu langu ni hili: mahindi yenu yanalala nyuma ya mulango. Watoto wenu wanalala nyuma ya mulango. Mulango ukioza, mwizi anaingia, panya anaingia, mvua inaingia. Na katika inchi yetu ya shaba kuna kitu kingine kinachoingia: vumbi la mugodi. Kwa hiyo musikilize vizuri.

Niwaambie kwanza kosa langu mwenyewe. Mwaka mumoja nilikwenda sokoni kumununulia mama yangu rangi ya mulango. Feza yangu ilikuwa kidogo. Muuzaji alinionyesha mikebe miwili, mumoja wa bei kali, mumoja wa bei nafuu. Nilitwaa ule wa bei nafuu, nikarudi kijijini na furaha. Mulango ukawa mweupe kama unga, na majirani walitusifu siku tatu. Kisha mvua ikaja. Udongo mwekundu uliruka hata nusu ya mulango. Mama alitwaa kitambaa na sabuni, akaosha. Udongo ulitoka, na rangi ikatoka pamoja nao. Kwa mwezi wa tatu, pale mikono inaposukuma palikuwa peusi kama chungu. Siku moja mutoto wa dada yangu aliegemea mulango ule, mikono yake ikawa nyeupe kwa unga wa rangi, kisha akaitia vidole kinywani. Mama alinitazama tu, hakusema neno.

Siku ile ndipo nilipouliza: Ni rangi gani hii niliyoileta? Ilikuwa rangi ya ukuta. Haikuwa rangi mbaya, lakini niliipeka pahali pasipo pake.

Basi, neno la somo hili ni moja: MULANGO NI KITU CHA KUSHIKWA NA CHA KUOSHWA, MUUCHAGULIE RANGI INAYOVUMILIA MUKONO NA MAJI. Mambo mengine yote yanafuata neno hili.

I. KAZI YA MULANGO

Ukuta unasimama tu. Mulango unafanya kazi tangu asubuhi hata usiku. Tufanye hesabu. Katika nyumba ya watu 6, kila mutu akitoka mara 10 na kuingia mara 10, watu wanapita mulangoni mara 120 kwa siku moja. Mukono mumoja umetoka kupika, mwingine umetoka shambani, mwingine umeshika mawe ya mugodi.

Mulango una adui wane. Wa kwanza ni mukono, wenye mafuta na jasho. Wa pili ni maji: mvua inayopiga, na maji yanayoruka toka chini. Wa tatu ni jua, linalokausha ubao na kuupasua. Wa ine ni vumbi, linaloshika pahali po pote palipo pabaya kidogo. Rangi njema inasimama mbele ya adui hao wote wane. Lakini mujue neno hili: rangi haiui muchwa. Kama muchwa wamo katika kizingiti, wataula ubao toka ndani na kuiacha rangi kama ngozi tupu. Muwatafute muchwa kwanza, kisha mufikiri rangi.

II. RANGI IMEFANYWA NA NINI?

Katika mukebe wa rangi mumechanganywa vitu vitatu vikubwa. Cha kwanza ni unga, unaoleta weupe ao wekundu ao kijani. Cha pili ni gundi, inayoushika unga na kuubandika juu ya ubao. Cha tatu ni maji ya kulainisha, yanayosaidia kupaka, kisha yanatoka na kwenda katika hewa.

Ninyi mama munajua kupika bukari. Unga ukiwa mwingi na maji kidogo, bukari inakuwa ngumu na ya kukatika-katika. Rangi ni vivi hivi. Unga ukiwa mwingi na gundi kidogo, juu ya rangi kunabaki na mashimo madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Mwangaza hauruki pale, kwa hiyo rangi haing'ai. Na uchafu unaingia katika mashimo yale na kukaa. Lakini gundi ikiwa nyingi, inaufunika unga wote, na juu kunakuwa laini kama kioo. Mwangaza unaruka, na uchafu unakosa pahali pa kushika.

Basi kung'aa si pambo tu. Kung'aa ni alama ya kuonyesha gundi ni nyingi ao kidogo. Katika inchi yetu mikebe mingi inaandikwa kwa Kifaransa. Mutafute moja la maneno haya matatu:

MAT ni rangi isiyong'aa. Inaficha makosa ya ukuta, lakini haivumilii kuoshwa mara nyingi. Ni ya ukuta na ya dari.

SATINÉ ni rangi inayong'aa kidogo, kama jani la mugomba. Inaoshwa vizuri, tena inaficha makosa madogo ya ubao.

BRILLANT ni rangi inayong'aa sana, kama maji yaliyotulia. Inaoshwa kuliko zote na kuvumilia mvua. Lakini inaonyesha kila kosa: kila alama ya nyundo, kila musumari uliopindama, kila nyuzi ya ubao usiosuguliwa.

Mutu asiyejua kusoma amwite mutoto wa shule amusomee mukebe kabla ya kutoa feza. Hakuna haya katika kuuliza. Haya ni kununua mara mbili.

III. RANGI YA MAFUTA NA RANGI YA MAJI

Tena kuna tofauti nyingine. Rangi ya mafuta inalainishwa kwa terebentini ao dawa nyingine ya namna ile. Inakauka polepole, harufu yake ni kali, lakini ikikauka inakuwa ngumu na kuvumilia mikono. Ubaya wake ni huu: ikizeeka inapoteza ulaini wake, na ubao ukitanuka kwa mvua na kujikaza kwa jua, rangi inapasuka. Tena rangi nyeupe ya mafuta inageuka manjano katika chumba chenye giza.

Rangi ya maji inalainishwa kwa maji. Inakauka upesi, burosi inaoshwa kwa sabuni, na inafuata ubao unapotanuka. Lakini rangi ya maji ya ukuta inabaki laini kidogo. Mukiifunga milango usiku, asubuhi mulango umeshikamana na fremu, na mukivuta, rangi inatoka vipande. Kwa hiyo kama munataka rangi ya maji kwa mulango, mutafute ile iliyoandikwa kuwa ni ya miti, ndiyo BOIS.

Neno EXTÉRIEUR maana yake ni inje. Neno INTÉRIEUR maana yake ni ndani. Rangi ya ndani ikiwekwa inje, jua litaimaliza.

Musipake rangi ya maji juu ya rangi ya zamani ya mafuta inayong'aa pasipo kuisugua kwanza. Haina pahali pa kushika. Itabanduka kama ganda la kitunguu.

IV. MULANGO GANI, RANGI GANI?

Mulango mukubwa wa inje, wa mbao. Mutumie BRILLANT ya mafuta iliyo ya inje. Kama mbao ni za zamani na zina makosa mengi, mutumie SATINÉ ya inje. Itavumilia, na makosa hayatapiga kelele.

Mulango wa chumba. SATINÉ yatosha. Haupigwi na mvua, lakini unashikwa na watoto na lazima uoshwe.

Mulango wa jiko. BRILLANT. Moshi na mafuta ya kupikia vinashika juu ya rangi isiyong'aa na havitoki tena.

Mulango wa choo na wa pahali pa kuogea. BRILLANT pande zote mbili, kwa sababu maji ni mengi.

Mulango wa gala. Upande wa inje mupake kama mulango wa inje. Ndani, pahali ambapo mahindi ao maharagwe yanagusa ubao, musipake rangi hata kidogo. Tena musirudishe chakula katika gala mupaka rangi imekauka na harufu imekwisha kabisa.

Mulango wa chuma. Kutu ni adui yake. Museme: «Nitaifunika kutu kwa rangi,» na kutu itacheka chini ya rangi na kuendelea kula. Muikwangue kwa burosi ya waya mupaka chuma kionekane. Kisha mupake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, iliyoandikwa ANTIROUILLE, siku ile ile, kabla ya umande wa usiku. Juu yake muweke BRILLANT mara mbili.

Mulango wa bati jipya. Hapa watu wengi wanadanganyika. Bati jipya lina ngozi ya zinki, na rangi ya mafuta ikigusa zinki moja kwa moja, inageuka kidogo kidogo kama sabuni kule chini na kubanduka. Mutafute rangi ya kwanza iliyofanywa kwa ajili ya zinki. Kama haipatikani, muache bati lipigwe na mvua na jua mwaka muzima, mulioshe, ndipo mulipake.

Mulango wa muti muzuri, kama mulombwa. Wengine wanataka uzuri wa muti uonekane, kwa hiyo wanapaka verni. Ni vema chini ya baraza. Lakini verni haina unga wa kuzuia jua. Jua linapita ndani yake na kuharibu ubao chini, kisha verni inatoka kama ngozi ya mutu aliyeungua. Kwa mulango unaotazama jua, verni itataka kazi mara nyingi kuliko rangi. Tena mulombwa una maji mekundu. Mukitaka kuupaka rangi nyeupe, muangalie yasipite na kuleta madoa. Muupake kwanza rangi ya chini inayozuia madoa.

Na rangi nyeusi ao nyekundu ya giza? Inaficha udongo, ni kweli, lakini inakula jua. Mulango unaotazama jua la mangaribi ukiwa mweusi, unapata moto sana na kupasuka. Kwa mulango ule rangi ya mwangaza ni bora. Mukiogopa udongo unaoruka, mupake sehemu ya chini tu, hata urefu wa goti, rangi ya udongo wetu.

V. HESABU YA FEZA

Watu wengi wananunua rangi nyingi mno ao kidogo mno. Mupime.

Mulango wa urefu wa metre 2 na upana wa senti 80 una metre za mraba 1,6 upande mumoja. Pande mbili ni 3,2. Muongeze pembe zake na fremu, mutapata karibu 4. Litre moja ya rangi inafunika karibu metre za mraba 10, kama ubao umelainishwa vizuri. Kupaka mara mbili ni 8. Basi litre moja ya rangi ya juu yatosha mulango mumoja na fremu yake, na kidogo kitabaki kwa kutengeneza alama. Rangi ya chini, inayopakwa mara moja, ni nusu ya litre.

Mutu atasema: «BRILLANT ni bei kali.» Ni kweli. Lakini mimi nilinunua rangi ya bei nafuu, nikapaka. Mwaka uliofuata nikakwangua, nikanunua tena, nikapaka tena. Muhesabu feza mara mbili na kazi mara mbili, ndipo museme ni ipi ya bei kali.

Tena musinunue rangi inayopimwa toka ndoo iliyo wazi, kama munaweza kupata mukebe uliofungwa. Rangi ya ndoo wazi hamwezi kujua imeongezwa nini, wala hamwezi kusoma maneno yake.

VI. WAKATI WA KAZI

Musipake wakati wa mvua. Ubao wenye maji ndani ukifungwa na rangi, maji yatatafuta njia, na rangi itavimba kama malengelenge.

Kwetu mvua inaisha mwezi wa 4. Muuache mulango ukauke mwezi wa 5, kisha mufanye kazi mwezi wa 6 ao wa 7, kabla ya upepo na majivu ya moto wa pori ya mwezi wa 8 na wa 9. Lakini miezi hii asubuhi ni ya baridi, na umande ni mwingi. Muanze saa tatu ya asubuhi, umande ukiisha kukauka, na muache saa tisa, rangi ipate kukauka kabla ya baridi ya usiku.

VII. KUTENGENEZA NA KUPAKA

Fundi seremala anajua: rangi ni kazi ndogo, kutengeneza ni kazi kubwa. Mufuate mambo haya moja moja.

1. Muuondoe mulango katika bawaba, muulaze juu ya mbao mbili. Kama hamuwezi, mufungue na mutie kabari chini.

2. Muuoshe kwa maji na sabuni, muuache ukauke siku nzima.

3. Muingize misumari ndani kidogo, muzibe mashimo kwa masitiki, muache ikauke.

4. Musugue kwa musasa, kufuata nyuzi za ubao, si kukata nyuzi. Kisha mufute kwa kitambaa chenye maji kidogo.

5. Mupake rangi ya chini. Musiache neno hili. Ubao mukavu unakunywa. Pasipo rangi ya chini, utakunywa gundi ya rangi ya juu, na BRILLANT yenu itakuwa kama MAT. Feza imepotea.

6. Mupake KICHWA na MUGUU wa mulango. Hapa nasema kwa nguvu. Watu wanapaka pande mbili zinazoonekana na kusahau ukingo wa juu na ukingo wa chini. Lakini nyuzi za ubao zimekatwa pale, na pale ubao unakunywa maji kama mutu mwenye kiu. Milango mingi inaanza kuoza kwa muguu wake, na rangi ya mbele ingali nzuri.

7. Mupake rangi ya juu mara mbili, nyembamba. Rangi nyembamba mara mbili inashinda rangi nzito mara moja. Ile nzito inakauka juu na kubaki mbichi ndani. Kati ya mara ya kwanza na ya pili ya rangi ya mafuta, muache usiku mumoja na muchana mumoja, ao kama mukebe unavyosema. Musugue kidogo sana kati.

8. Musilainishe rangi kwa mafuta ya taa. Yanazuia rangi kukauka vizuri. Wala kwa esansi ya motokari. Harufu yake inashika moto toka mbali. Mutumie dawa iliyoandikwa juu ya mukebe. Muwe mbali na mbabula na sigara.

9. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta ao mafuta ya lini musivikunje na kuvitupa pembeni. Vinaweza kupata moto vyenyewe na kuwaka. Muvitandaze inje vikauke ao muvitie katika maji.

VIII. RISASI NA VUMBI

Sasa tunafika kwa jambo lililonifanya niandike somo hili. Mukumbuke mutoto wa dada yangu na vidole vyake vyeupe.

Tangu zamani watu walitia risasi katika rangi, ile madini mazito na laini inayoitwa kwa Kifaransa PLOMB. Iliifanya rangi ifunike vizuri, ikauke upesi na kuvumilia mvua. Lakini risasi ni sumu. Inaharibu akili ya mutoto anayekomaa. Atakuwa muzito wa kujifunza, na ubaya ule hautoki tena. Ni hatari pia kwa mama mwenye mimba. Waganga hawakupata kipimo hata kidogo cha risasi ambacho ni salama kwa mutoto. Mataifa yalijua hatari hii zamani: katika mwaka 1921 yalifanya mapatano ya kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba. Marekani ilikataza rangi ya risasi ya nyumba katika mwaka 1978. Lakini katika inchi nyingi mikebe yenye risasi ingali inauzwa, zaidi rangi za mafuta zenye kung'aa za manjano, nyekundu na kijani.

Sisi watu wa migodi tuna sababu ya pili ya kuogopa. Kule Kabwe, katika inchi ya Zambia, mugodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini risasi ilibaki katika udongo wa mitaa ya karibu, na katika damu ya watoto. Na kwetu Katanga, waganga wa Université ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima mukojo wa watu, wakaandika katika mwaka 2009 kwamba wakaaji wa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mbali, na watoto kuliko wakubwa. Katika mwaka 2018 waliandika tena juu ya mutaa wa Kasulo, katika muji wa Kolwezi, ambapo watu walichimba kobalti kati ya nyumba zao. Vumbi la pale lilikuwa na madini mengi, na watoto walikuwa nayo mwilini.

Mutu mumoja hawezi kuzuia motokari za mugodi zisitimue vumbi. Lakini anaweza kuchagua mulango unaooshwa. Rangi isiyong'aa inalishika vumbi katika mashimo yake, kisha inamupa mutoto anayeigusa. Rangi inayong'aa inaliacha vumbi juu, na kitambaa chenye maji kinaliondoa. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua SATINÉ ao BRILLANT.

Basi mushike amri hizi tano:

Ya kwanza. Mutafute mukebe ulioandikwa SANS PLOMB, maana yake: hauna risasi.

Ya pili. Rangi ya zamani msiyoijua asili yake, kama ingali imeshika vizuri, musiikwangue. Muioshe, muisugue kidogo kwa maji, mupake mupya juu yake. Kama inabanduka, muisugue kwa musasa wa maji ikiwa imelowa, inje ya nyumba, watoto na mama wenye mimba wakiwa mbali. Mutandike kitu chini, mukusanye takataka zote, muzifukie mbali na kisima na bustani. Kisha muoge na kufua nguo.

Ya tatu. Musichome mbao zenye rangi. Nimeona mama mumoja akipika kwa vipande vya mulango wa zamani. Risasi inatoka na moshi, inaingia kifuani, na majivu yake ni sumu. Wala musiyatie majivu yale katika bustani.

Ya ine. Mukebe wa rangi usiwe tena chombo cha chakula. Musiutumie kupima unga, wala kuchota maji, wala kutunza mbegu.

Ya tano. Mupitishe mukono juu ya milango yenu ya zamani. Kama mukono unarudi na unga wa rangi, mulango ule umekwisha kuchoka. Musingoje mwaka mwingine.

IX. KUOSHA

Mulango uliopakwa vizuri na kuachwa na uchafu ni sawa na shamba lililolimwa na kuachwa na majani. Mara moja kwa juma mutwae kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Muanze juu, mushuke chini. Mukaze pahali pa kushika mukono na pahali ambapo watoto wanaegemea. Mufute kizingiti pia. Musipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu. Linaruka na kurudi kifuani. Maji yale muyamwage mbali na pahali pa kuchezea watoto. Kisha munawe mikono, nao watoto wanawe kabla ya kula.

Mulango wa mama yangu tuliulowesha na kuusugua mwezi wa 6, tukaupaka rangi ya chini, kisha BRILLANT ya kijani isiyo na risasi, hata kichwa chake na muguu wake. Sasa umepita mvua mbili. Mama anauosha kila siku ya sita. Na mutoto wa dada yangu anaegemea anavyotaka. Mikono yake inarudi kama ilivyokwenda.

MAULIZO

1. Kwa nini rangi inayong'aa inaoshwa kuliko isiyong'aa?
2. Maneno MAT, SATINÉ na BRILLANT maana yake nini? Ni lipi la ukuta?
3. Mulango wa gala upakwe wapi, na usipakwe wapi?
4. Mulango wa urefu wa metre 2 na upana wa senti 80 unataka litre ngapi za rangi ya juu, kwa kupaka mara mbili pamoja na fremu?
5. Kwa nini kichwa na muguu wa mulango vipakwe?
6. Mutu anataka kupika kwa mbao za mulango wa zamani wenye rangi. Mutamwambia nini?
7. Leo jioni, mupitishe mukono juu ya mulango wa nyumba yenu. Umerudi namna gani?